Tusizibe hewa tunapozuia mvua kwenye mashua

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wenye mashua za matanga zilizo na chumba cha ndani hapa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Msimu wa masika, wengi hufunga madirisha yote ya duara kwa kuogopa maji, kisha hupika na kulala humo humo. Hilo linanitia hofu sana, kwani jiko linalowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Mvua ya kawaida huzuiwa kwa ukingo wa fibaglasi uliobandikwa juu ya dirisha, uliopinda kama ukope, ncha zake zikishuka pembeni ili maji yanayoteremka ubavuni yapite kando ya mwanya.

Lakini dhoruba za jioni za ziwa letu huja na upepo unaopiga mvua ubavuni, na hapo ukingo hautoshi. Linalofaa ni sanduku la hewa lenye jina la Dorade, mashua iliyosanifiwa na Mmarekani Olin Stephens na kushushwa majini mwaka 1930. Hewa na maji huingia pamoja sandukuni kwa bomba la kwanza. Maji huanguka na kutokea kwenye vitundu vya chini, ilhali hewa hushuka chumbani kupitia bomba la pili, ambalo mdomo wake umeinuliwa juu ya sakafu ya sanduku. Fundi mzuri wa mbao analiweza. Yawekwe mawili, moja la kuingiza hewa na jingine la kuitoa.

Mwenye mashua,
Dunga, Kisumu