Safari ya Jumamosi: thibitisheni kufikia Alhamisi usiku

Habari za jioni wapendwa. Safari ya kuteleza kwenye theluji iko palepale: Jumamosi, saa 1 asubuhi, tukutane kwenye maegesho chini ya kilima.

Kilima ni kidogo, kinaendeshwa na familia moja, na lifti za kupandisha watu kileleni ni chache. Upepo mkali ukivuma, lifti husimamishwa, kwa hiyo tusiangalie theluji peke yake. Someni utabiri wa kileleni, si wa mjini. Joto hushuka kama nyuzi 0.6 kila mita 100 za kupanda. Ijumaa saa 2 usiku nitawapigia simu wenye kilima, kisha nitatangaza hapa kama tunakwenda.

1. Leteni glavu, miwani ya theluji na soksi za kubadilisha.
2. Wenye magari, semeni nafasi zilizobaki.

Tafadhali andika "Nakuja" pamoja na idadi ya watu wako kufikia Alhamisi saa 3 usiku. Familia ile hujiandaa kwa mikono yao wenyewe, tusiwashtukize.