Nipo tayari kufungwa uzazi, lakini nahofia mke wangu ndiye atakayeumia

Kwako mshauri,

Mimi ni dereva wa lori, nakaa Malaba na mke wangu na mabinti zetu wanne. Uzazi wa mwisho kifafa cha mimba nusura kimuue, na daktari amesema mimba nyingine ni hatari. Sindano ya miezi mitatu ilimletea damu isiyokatika, kipandikizi nacho akakitoa. Nikaona basi, nifungwe mimi.

Nesi alinieleza: ganzi, tundu dogo, mirija ya mbegu inakatwa, haizidi nusu saa. Huenda nikavimba, damu ikavilia, au kidonda kikaingia vijidudu. Hayo navumilia. Madereva wenzangu wanasema nitakuwa maksai. Nawaacha wacheke, korodani si zinabaki palepale na nguvu za kiume hazitoki kwenye mirija.

Ila alitaja pia kwamba wanaume wachache, kama mmoja au wawili kwa mia, hubaki na maumivu ya muda mrefu. Mimi kutwa nipo kwenye usukani, Malaba hadi Elegu. Je, kukaa hivyo kunazidisha hatari? Nipumzike muda gani, na dalili ipi nikiiona nisingoje kurudi hospitali?

Linaloninyima usingizi ni jingine. Mbegu hazimaliziki siku ileile. Kwa kama miezi mitatu tutumie kinga nyingine, hadi kipimo cha shahawa kionyeshe hazipo, na hata hapo, kwa nadra sana, mirija hujiunga tena. Sasa mama yangu kila akija anadai mjukuu wa kiume, na lawama zote anamtupia mke wangu. Nataka kumwambia ukweli kwamba ni mimi niliyefunga, amwache mwenzangu apumue. Lakini nikishamwambia, halafu ile bahati mbaya ya nadra itukute nikiwa safarini, nani atamwamini mke wangu? Mimi nitamwamini. Ukoo mzima hautaamini, na karatasi ya maabara hawataisoma.

Yeye anasema tunyamaze, matusi ameshayazoea. Mimi sijayazoea.

Je, kipimo kimoja kinatosha, au nirudie baadaye? Na mama nimwambie sasa, nimwambie baada ya majibu, au nimsikilize mke wangu?

Dereva, Malaba