Nyayo za Laetoli zibaki chini ya mchanga

Mhariri,

Husikika mara kwa mara rai kwamba nyayo za Laetoli, alama za miguu za mababu wa kale wa binadamu zilizofukiwa kule Ngorongoro, zifukuliwe na kuachwa wazi watalii wazione. Tunaelewa hamu hiyo, lakini tunaipinga.

Zina umri wa miaka milioni 3.66. Zilikanyagwa kwenye jivu la volkano lililoloweshwa na mvua, likakauka na kuwa gumu kama saruji, kisha likafunikwa na jivu jingine. Kisigino kimezama, na kidole gumba kimeelekea mbele pamoja na vingine badala ya kuchepuka kando kama cha sokwe. Wataalamu wengi huwahusisha wenye nyayo hizo na jamii ya Lucy, yule babu wa kale ambaye mifupa yake iligunduliwa Ethiopia; jamii ambayo ubongo wake uliuzidi kidogo tu ule wa sokwe. Zana za mawe kongwe zaidi zinazojulikana, za Lomekwi, Turkana nchini Kenya, zina miaka milioni 3.3. Yaani kutembea wima kulitangulia ubongo mkubwa na zana: miguu ilitangulia!

Mtafiti Mary Leakey na wenzake, waliozichimbua, walizifukia mwaka 1979 kwa mchanga wa mto na mawe juu yake. Mchanga ule ulikuja na mbegu za migunga. Ukatunza unyevu, mawe yakaikinga miche, na kufikia miaka ya 1990 mizizi ilikuwa imeshapenya kwenye tabaka la nyayo. Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani zilikata miti bila kuing'oa, maana kuing'oa kungepasua jiwe, na visiki vikatiwa dawa. Mwaka 1995 na 1996 nyayo zilifukiwa upya kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa vinavyopitisha maji na hewa lakini vyenye dawa ya kuzuia mizizi, kisha udongo na mawe.

Wanaosema "jengeni paa" wasahau jua na mvua, wafikirie maji yanayopanda kutoka ardhini: yakikauka juu ya jiwe huacha chumvi, nayo huumega uso wake punjepunje. Isitoshe, uchunguzi wa mwaka 2015 kabla ya ujenzi wa makumbusho uliibua nyayo nyingine mita 150 tu kutoka zile za awali. Msingi wa jengo ungechimbwa wapi kwa usalama?

Fedha ziende kwenye kung'oa miche ikiwa bado michanga, kuzibua mifereji kabla ya masika, na kutengeneza nakala za plasta kwa ajili ya shule zetu.

Wapenzi wa mambo ya kale
Arusha