Barua kwa mwanangu: Eliya alikula kwanza

Mwanangu,

Simu yako haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii anakuletea mdogo wako. Usimrudishe stendi usiku, mpe mahali pa kulala, na shikamoo yake uipokee vizuri hata kama umechukia kwamba nimemtuma.

Nimesikia umeomba likizo kazini, na kwamba Ijumaa unapanda mlimani na watu wa yule nabii, siku arobaini, mfungo mkavu. Nilimuuliza mara mbili aliyeniambia: bila hata maji? Akasema bila hata maji. Wewe, mwenye vidonda vya tumbo. Umekula leo?

Najua utanijibu kwa Maandiko. Tangu Sunday school hukuwahi kushindwa mstari, na nilikuwa najisifu kwa majirani mpaka wakachoka kunisikia. Basi tuyaseme hayo hayo Maandiko. Mnaambiwa Eliya alifunga siku arobaini, na roho ya Eliya iko juu ya mtumishi wenu, kwa hiyo nanyi mfunge. Fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, usome mwenyewe, usisomewe. Malkia Yezebeli ametishia kumuua, Eliya anakimbia mpaka Beer-sheba. Pale anamwacha mtumishi wake. Hilo sikuwahi kulitilia maanani mpaka juzi, taa ikiwa imewashwa na usingizi umekataa. Mtu amechoka, anakwenda jangwani kumwomba Mungu aichukue roho yake, lakini kijana aliyekuwa naye hamchukui. Anamwacha mjini penye watu. Anaingia peke yake, anajilaza chini ya mti wa mretemu. Na Mungu hamjibu kwa kumwambia afunge. Malaika anamgusa: "Inuka, ule." Mkate umeokwa juu ya makaa, na gudulia la maji liko kichwani pake. Anakula, analala. Malaika anarudi mara ya pili: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mara mbili, mwanangu. Ndipo akatembea siku arobaini mpaka Horebu, na imeandikwa alikwenda katika nguvu za chakula hicho. Eliya alikula kwanza. Na maji akanywa.

Tena tazama maisha yake yote, utakuta chakula. Kwenye kijito cha Kerithi kunguru walimletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Huko Sarepta aliomba kwa mjane, na najua mstari huo ndio wanaowasomea wakati wa kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka: nifanyie mimi kwanza mkate mdogo. Wasiishie hapo. Pipa la unga halikupunguka, wala chupa ya mafuta haikuisha, na yule mama alikula, yeye na nyumba yake, siku nyingi. Mtoto wake alipokufa, Eliya alimpandisha chumbani kwake, akamlilia Mungu, akamrudisha kwa mama yake akiwa hai. Akamrudisha kwa mama yake. Mimi nasoma hapo tu, nafunga kitabu.

Nimeambiwa pia unataka kuuza kiwanja alichokuachia baba yako, iwe sadaka ya madhabahu. Eliya huyo huyo alimkabili Ahabu, mfalme, kwa sababu ya shamba la mizabibu la Nabothi, urithi wa baba zake. Alisimama upande wa mtu aliyenyang'anywa. Hati ninayo mimi, na haitoki ndani ya sanduku.

Mwaka 2023 ulikuwa hapa nyumbani habari za Shakahola zilipotangazwa, ule msitu wa Kilifi, Kenya, ng'ambo ya mpaka tu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watoto wakiwemo, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Wewe ndiye uliyezima redio ukasema huwezi kusikiliza. Je, wale hawakuwa na Biblia? Hawakuwa na mama? Usiniambie huyu wenu ni tofauti. Niambie umekula.

Kwaresima hii alikuja mwalimu mmoja wa chuo cha Biblia kufundisha akina mama. Alitueleza kwamba Wayahudi mpaka leo wanamngoja Eliya, kwa kuwa hakufa, alipaa katika upepo wa kisulisuli. Usiku wa Pasaka wanamwekea kikombe cha divai mezani na kumfungulia mlango. Mtoto wa kiume akitahiriwa siku ya nane, kuna kiti kinachotengwa kwa ajili ya Eliya. Na wanazuoni wao wakishindwa kuamua jambo, huliacha hivyo hivyo, husema likae mpaka Eliya atakapokuja. Watu wamengoja miaka elfu na zaidi kwa heshima namna hiyo, halafu mtu anaandika kwenye bango la barabarani kwamba Eliya ni yeye! Yohana Mbatizaji, ambaye Yesu mwenyewe alisema ndiye Eliya atakayekuja, alipoulizwa, "U Eliya wewe?" alijibu, "Mimi siye." Na kule mlimani Yesu alipogeuka sura, Eliya na Musa walipotokea, wanafunzi walipoinua macho hawakuona mtu ila Yesu peke yake. Eliya aliondoka. Hakubaki kukusanya simu za watu.

Maana ni hilo la simu linalonikosesha usingizi. Malaki, maneno ya mwisho kabisa ya Agano la Kale letu, anasema kazi ya Eliya akija ni ipi: "Naye ataigeuza mioyo ya baba iwaelekee watoto wao, na mioyo ya watoto iwaelekee baba zao." Huyu nabii wenu anawaambia mvunje mawasiliano na nyumbani, mzazi ni kizuizi. Sasa huyo ni Eliya wa wapi?

Utasema mioyo ya wazazi nayo igeuke. Sawa. Ile chupa ya mafuta ya upako uliyoiona kabatini ukiwa darasa la sita, uliniuliza mbona baba hanywi vidonge vyake, nikakwambia unyamaze, usilete roho ya mashaka ndani ya nyumba. Yaliyofuata unayajua, sirudii. Cherehani unayoulizia kila mara haikuibwa. Kwa hiyo ninaposema nawajua watu hawa, nawajua.

Sikukatazi kuomba. Omba, kesha, funga mchana mmoja kama tunavyofunga hapa, jioni unywe uji. Ila umekuwa mkaidi tangu utotoni, na ukaidi huo ndio umekufikisha kazini ulipo, na ninauogopa. Pale mlima Karmeli waliojikata kwa visu na vyembe mpaka damu ikatoka walikuwa manabii wa Baali, wote 450. Eliya hakujigusa hata ukucha. Aliomba maneno machache, na moto ukashuka.

Huku machungwa yameanza kuiva, bei ya shambani bado mbaya, madalali wanakuja na magunia yao makubwa wanayahesabu kama madogo. Bati la jikoni linavuja palepale, fundi amechukua hela ya misumari hajarudi. Mdogo wako anadaiwa ada ya muhula, lakini hilo lisikusumbue, nitachukua mkopo kwenye kikoba. Mbuzi yule mweusi kazaa mapacha. Mama mdogo anakusalimu, anauliza ile kanga yake.

Ijumaa usipande. Kama ni lazima uende mahali, njoo nyumbani, nauli ya kurudi nayo nimempa mdogo wako, imefungwa kwenye leso. Akikukuta, mwashie simu mbele yake nisikie sauti yako, hata kama ni ya kunigombeza.

Kwenye kapu kuna machungwa, unga wa muhogo, na vitumbua nilivyochoma alfajiri kabla basi halijaondoka. Vitumbua havilali. Ule leo, mbele ya mdogo wako, aje aniambie.

Mama yako
Muheza