Wafugaji tusiitwe watoro wa dawa

Mhariri,

Kila Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, nasikia lawama ileile: wafugaji ni watoro wa dawa, yaani huacha matibabu kabla dozi haijaisha. Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Wajir. Baba yangu alikuwa mchunga ngamia asiyejua kusoma, na alimaliza dozi yake yote.

Alitibiwa kwa Annalena Tonelli, Mwitaliano wa Forlì aliyekuja Kenya mwaka 1969. Hakuwa mtawa wala daktari. Alisomea sheria, akaja kufundisha, na kwa imani yake ya Kikristo akaishia kuwauguza Waislamu ambao hata ndugu zao waliwaogopa. Kwetu kifua kikuu, qaaxo kwa Kisomali, kilitajwa kwa kunong'ona.

Matibabu wakati huo yalipita mwaka mzima. Mfugaji atakaaje mjini mwaka mzima, na mvua imenyesha kwingine? Mwaka 1976 Annalena alianzisha mpango wa miezi sita. Mgonjwa alihamia na nyumba yake. Mama alishusha miti na mikeka kutoka mgongoni mwa ngamia, akasimamisha kibanda pale TB Manyatta, tukakaa. Kila asubuhi baba alimeza vidonge mbele ya mhudumu. Namkumbuka Annalena amejitanda kitambaa kichwani, akipita kibanda kwa kibanda. Dozi ilipoisha, mama alivunja kibanda, tukafuata malisho.

Miaka mingi baadaye Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu huo wa mgonjwa kumeza dawa akiangaliwa.

Februari 1984, baada ya mauaji ya Wagalla, ambapo vikosi vya usalama vya Kenya viliua Wasomali karibu na mji wa Wajir, Annalena alitoka kwenda kuokota majeruhi na kuzika maiti. Mwaka uliofuata akaondolewa nchini. Aliendelea Somalia, na Juni 2003 Umoja wa Mataifa ukamtunuku Tuzo ya Nansen, ya wanaowahudumia wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huohuo alipigwa risasi katika hospitali yake huko Borama. Nililia kama niliyefiwa na shangazi.

Ombi langu kwa kaunti za wafugaji ni uwanja karibu na kila kliniki ya TB, wenye maji na kivuli, ambapo familia itasimamisha kibanda hadi dozi iishe. Na kabla ya kuandika jina la mtu kwenye orodha ya watoro, aulizwe alikuwa akilala wapi.

Muuguzi mstaafu,
Wajir