Chandarua si pambo la chumba

Mhariri,

Kila tarehe 25 Aprili viongozi hupanda majukwaani kuzungumzia malaria. Chimbuko la tarehe hiyo ni mwaka 2000, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kupunguza au kufuta kodi na ushuru kwenye vyandarua, viuadudu na dawa za malaria. Naomba nafasi niwakumbushe ahadi hiyo, kwa sababu mahali pengi imetekelezwa nusunusu.

Nusu iliyotekelezwa ni ile ya vyandarua vya msaada, vinavyoingia kwa mradi na barua ya msamaha wa kodi. Mzazi anayekwenda dukani kwa fedha yake, kwa kuwa cha mgawo kimechanika au mtoto mwingine amezaliwa, mara nyingi msamaha huo haumgusi. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli. Kisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, hutozwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwa ndani yake, yaani kodi inatozwa kodi. Chukua mfano wa ushuru wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18: kilichofika bandarini kwa 100 kinatoka kwa 147.5, na muuzaji hajaongeza faida yake bado.

Watasema tofauti hiyo ni ndogo. Watafiti wa uchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliwafuatilia wajawazito katika kliniki za magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Chandarua kilipoacha kuwa cha bure na kuuzwa kwa senti 60 tu za dola, uchukuaji ulishuka kwa pointi 60 za asilimia. Kwa mtu mwenye kipato kidogo, bei ikipanda kidogo tu, anaahirisha kununua. Na mbu haahirishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, asilimia 95 kati yao wakiwa katika kanda yake ya Afrika, na wengi wao watoto walio chini ya miaka mitano.

Kwa muda mrefu maofisa wa forodha walikuwa na sababu ya kueleweka: katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, chandarua kilihesabiwa pamoja na vitandiko na mapambo mengine ya nyumba. Sababu hiyo imekwisha. Tangu Januari 2017 chandarua chenye dawa kina namba yake, 6304.20, na vipimo vya malaria navyo vikatengewa namba yao. Anayetaka kuvisamehe kodi bila kusamehe vitandiko na mapambo hayo anaweza kufanya hivyo kwa mstari mmoja wa sheria.

Wapo wanaohofia viwanda vya ndani, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini tuangalie kinachoviumiza. Bidhaa ikisamehewa VAT kwa njia ya kawaida, mwenye kiwanda harudishiwi VAT aliyolipa kwenye nyuzi, plastiki na kiuadudu, wakati chandarua cha nje kinaingia bila mzigo huo. Dawa yake inajulikana: VAT ya kiwango cha sifuri, ili arudishiwe alicholipa, na malighafi ziondolewe ushuru. Kuacha ushuru kwenye chandarua cha nje ili kukinga kiwanda ni kumtuma mtoto anayelala bila neti alipie sera ya viwanda.

Hata barua za msamaha zenyewe zina kasoro. Kila shehena huombewa upya, wizara moja inaandika, nyingine inaidhinisha, na kontena linakaa bandarini likilimbikiza gharama za hifadhi huku msimu wa mvua ukikaribia. Msamaha ulioandikwa ndani ya sheria haungoji saini ya mtu.

Kuhusu wafanyabiashara watakaobaki na nafuu hiyo mfukoni, serikali itangaze bei kabla na baada ya kodi kuondolewa, wanunuzi wajue wanachostahili kudai.

Bajeti ijayo inaandaliwa. Nawaomba wabunge wadai orodha ya kila kodi, ushuru na tozo inayolipwa kwa chandarua, kiuadudu na kipimo cha malaria kinachouzwa dukani, na waziri wa fedha aeleze bungeni kiasi kinachokusanywa kwa kila kimoja.

Msomaji wako