Taa Iliyozimika Katikati ya Anga

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Maneno haya tumeandikiana tangu tukiwa wanafunzi, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza huo upeo wa macho uko pale kwa nini. Jicho linaziona nyota, ambazo umbali wake kuutaja kwa kilomita ni taabu tupu, lakini ukisimama ufukweni bahari inakatika mbele yako baada ya kilomita 5 hivi. Ujumbe wako wa sauti ndio ulionifanya niyatazame upya maneno hayo. Nimeusikiliza mara tatu.

Kabla ya yote kuna jambo linaniuma. Siku ile ulipowaambia wenzetu kwamba huamini tena kuwa dunia ni tufe, bali ni bapa kama sahani, walikucheka mpaka ukaondoka, nami niliketi kimya. Ukimya ule ulikuwa kicheko vilevile. Nisamehe. Nilipaswa kukuuliza umefikaje hapo. Sasa umenieleza: umechoka kuambiwa "wataalamu wamesema", na picha za anga siku hizi yeyote anaweza kuzitengeneza kwa kompyuta. Hapo huna kosa. Kwa hiyo katika barua hii sitakutumia picha hata moja. Nitakueleza nilichokiona mwenyewe, na baadhi ya mambo ambayo watu waliyapima na kuyaandika kabla halijazaliwa shirika lolote la anga la kulishuku.

Mwezi uliopita nilitoka nje jioni, kama saa nzima baada ya jua kuzama. Programu ya simu ilikuwa imenitajia dakika ambayo Kituo cha Anga cha Kimataifa, chombo kikubwa kinachoizunguka dunia, kingechomoza, na dakika hiyohiyo kikachomoza upande wa magharibi. Kilikuwa nukta nyeupe inayong'aa kuliko nyota zote, haipepesi, haina taa za kuwaka na kuzima kama ndege, wala haina mvumo. Ikapanda taratibu hadi utosini. Nilitaka kuifuata kwa macho mpaka ishuke mashariki, lakini haikufika huko. Ilipopita utosi kidogo ikaanza kugeuka manjano, ikawa nyekundu ya kaa linalofifia, na kwa muda wa pumzi mbili tatu ikazimika kama utambi ulioishiwa mafuta. Hapakuwa na wingu. Nyota zilizokuwa kando yake ziliendelea kuwaka.

Kituo kile hakionekani kwa taa zake. Tunachoona ni mwanga wa jua unaoakisiwa na mwili wake na paneli zake. Kiko kilomita 400 hivi juu, ndiyo maana mimi nilikuwa gizani nacho bado kiko juani. Kisha kikaingia kwenye kivuli. Kivuli cha nini? Kwenye ramani ya dunia bapa jua halizami kamwe; linazunguka juu ya sahani, na usiku maana yake jua limekwenda mbali tu. Ikiwa hivyo ndivyo, kitu kilicho kilomita 400 juu ya kichwa changu hakina wa kukikinga na jua. Hakuna ukuta wa kimo hicho, wala mlima. Lakini kilizimika mbele ya macho yangu, na programu ilikuwa imekwisha kunitajia hata dakika ya kuzimika, kwa sababu walioitengeneza walikokotoa kivuli cha tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimekiona kivuli cha dunia yenyewe kikimeza taa.

Uliniuliza kitu cha tani zaidi ya 400 kinakaaje juu bila kuanguka. Ukweli ni kwamba kinaanguka, usiku na mchana. Kila sekunde kinashuka mita 4 na kidogo. Lakini katika sekunde hiyohiyo kimekwenda mbele zaidi ya kilomita 7 na nusu, na kwa umbali huo uso wa dunia nao umejipinda ukashuka mita zilezile 4 na kidogo. Kinaanguka, ardhi inakikwepa. Juu ya sahani bapa, kwa kasi hiyohiyo, kingegonga chini ndani ya dakika chache.

Utaniambia huenda hata hicho kituo ni mchezo wa Wamarekani. Basi kumbuka Sputnik, satelaiti ya kwanza, iliyorushwa na Wasovieti tarehe 4 Oktoba 1957. Watu wenye redio majumbani walinasa mlio wake ilipokuwa ikizunguka dunia kila baada ya dakika 96 hivi. Kama kuna aliyekuwa na sababu ya kupiga kelele kwamba ni uongo, ni Wamarekani, mahasimu wao. Nao waliusikia mlio uleule, wakakubali, wakaingiwa na hofu. Dishi za televisheni nazipitia haraka tu: karibu na Ikweta hulenga juu kabisa, na kadiri unavyokwenda kaskazini ya mbali shabaha yake inashuka hadi kuelekea upeo wa macho. Satelaiti zake ziko juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ukikaribia ncha kabisa huzipati tena, kwa kuwa mgongo wa dunia umezificha.

Hoja yako ya mvutano nimeifikiria sana. Ulisema hakuna nguvu inayovuta: kizito huzama, chepesi huelea, basi. Lakini kuzama ni kwenda upande gani? Msongamano wa kitu, yaani uzito wake ukilinganishwa na ukubwa wake, ni namba tu, na namba haiwezi kuliambia jiwe liende chini badala ya kwenda kando. Lazima kwanza kiwepo kinachovuta, ndipo kizito kitangulie na chepesi kisukumwe juu.

Wengine katika kundi lenu husema sahani yenyewe inapaa kwa kasi inayoongezeka, na hiyo ndiyo sababu ya sisi kuhisi uzito. Hoja hii naiheshimu zaidi, maana inapimika. Sahani ikipaa inapaa nzima, kwa hiyo uzito ungekuwa mmoja kila mahali. Sasa sikiliza. Mwaka 1672 mtaalamu wa elimu ya nyota wa Kifaransa, Jean Richer, alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta, kuchunguza sayari. Alikuta kwamba saa ya pendulumu, ile inayoongozwa na kitu kinachoning'inia na kubembea, iliyokwenda sawasawa Paris kule inachelewa dakika 2 na nusu hivi kila siku. Saa haikuwa imeharibika. Ilimbidi aifupishe pendulumu kwa karibu milimita 3 ndipo ikaenda sawa. Naifikiria sana ile milimita 3, na subira ya mtu aliyekaa miezi akilinganisha saa na nyota mpaka akawa na hakika. Pendulumu hurudi chini kwa sababu inavutwa, na kule ilivutwa kwa nguvu pungufu. Newton ndiye aliyekuja kueleza kwamba dunia inajizungusha na imevimba kidogo kiunoni. Ukimpima mtu wa kilo 70 kwa mizani ya springi, ile ya kwenye ncha ya dunia itaonyesha kiasi cha gramu 370 zaidi ya ile ya kwenye Ikweta. Sahani inayopaa haina namna ya kufanya hivyo. Na ukisema sahani ina mvutano wake yenyewe, basi kadiri unavyokaribia ukingo ungevutwa kwa mshazari kuelekea katikati, na bahari zote zingekimbilia huko.

Nafika sasa kwenye lile lililonishika kuliko yote, nalo umelianzisha wewe. Ulinitumia video ya mianga ya kaskazini, yale mapazia ya kijani yanayopepea angani usiku, ukaandika kwamba huo ni mng'ao wa kuba lililofunika sahani. Nilikaa nayo siku mbili. Rangi ile ya kijani hutoka kwa oksijeni, kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, inapogongwa na chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Nyekundu ni oksijeni pia, ila ya juu zaidi, kilomita 200 na kuendelea, mahali ambapo hewa ni nyembamba mno. Zambarau na bluu ni naitrojeni. Anayezipa chembe hizo nguvu ni jua, na anayezielekeza ni sumaku ya dunia. Ndiyo maana mianga hiyo haitapakai ovyo, bali hufanya pete kuizunguka ncha ya sumaku.

Pete hiyo inaingia vizuri kwenye ramani yenu, kwa kuwa Ncha ya Kaskazini mmeiweka katikati. Lakini katika video zote ulizonitumia sijamsikia hata mmoja akiitaja mianga ya kusini. Ipo, ndugu yangu. Watu wa Tasmania na wa kusini ya New Zealand huiona, nao hutazama kusini. Nayo ni pete, na ukubwa wake unakaribiana sana na ule wa kaskazini. Kwenye ramani yenu Antaktika ni ukuta wa barafu unaozunguka ukingo wote wa sahani, kwa hiyo pete hiyo ingebidi inyooshwe makumi ya maelfu ya kilomita. Na mtu wa Tasmania na mtu wa ncha ya chini ya Amerika ya Kusini, wote wakitazama kusini, kwenye ramani hiyo wanapeana migongo. Wanawezaje basi wote wawili kuliona kundi la nyota la Msalaba wa Kusini likiizunguka sehemu ileile ya anga?

Pete hizi mbili huamka pamoja. Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington aliona mwako mkali kwenye uso wa jua, na kama saa 17 baadaye dhoruba ya sumaku ikaifikia dunia. Mianga ikaonekana kaskazini na kusini, mpaka karibu na nchi za joto. Waendesha telegrafu wengine walitenga betri zao na bado ujumbe ukapita, kwa umeme ulioingia kwenye nyaya kutoka angani. Mei 2024 ikawa tena hivyo, Ulaya na Australia zikiona anga nyekundu katika siku zilezile. Sumaku ina ncha mbili, na kinachoongozwa nayo hufika kotekote. Kuba lina upande gani wa pili?

Kuna Mnorwe mmoja, Kristian Birkeland, ambaye kisa chake kimenigusa. Alichukua tufe la metali, akaweka sumaku ya umeme ndani yake, akalipaka dawa inayong'aa ikipigwa na elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme, akalifungia kwenye sanduku la kioo na kunyonya karibu hewa yote. Kisha akalirushia elektroni. Katika giza la chumba kile ikatokea pete ya mwanga juu ya tufe, na nyingine chini. Hakuwa akitafuta umbo la dunia, alitaka tu kujua mianga inatoka wapi. Wakubwa wengi wa sayansi walimpinga. Alifariki mwaka 1917, na mikondo ya umeme aliyoitabiri ikaja kupimwa na satelaiti miaka ya 1960 na 1970.

Niwe mkweli kwako pia: si kila hoja ya upande wangu ina nguvu. Watu hupenda kutaja vivuli vya Misri ya kale, ambavyo Mgiriki Eratosthenes alitumia kupima mzingo wa dunia: adhuhuri ya siku moja, katika mji wa Syene jua likiwa utosini na katika mji wa Alexandria likiwa limeinama kutoka utosini nyuzi 7 na kidogo. Kazi ile ni nzuri ajabu. Lakini vivuli viwili peke yake vinaweza kuelezwa pia kwa jua dogo lililo karibu juu ya ardhi bapa. Unahitaji cha tatu, cha mbali zaidi, ndipo maelezo hayo yavunjike. Anayekurushia hoja ya vivuli viwili na kukucheka hajaifikiria sawasawa.

Wala sitaki tuwekeane dau. Mwaka 1870 mwanasayansi wa Uingereza, Alfred Russel Wallace, alikubali dau la pauni 500 na John Hampden, mtu wa dunia bapa. Alipima kwenye mfereji ulionyooka huko Uingereza, mpindo ukaonekana, mwamuzi akampa ushindi. Hampden hakukubali, na kwa miaka mingi akamwandama kwa barua za matusi, hata kwa mke wake. Nawaza hilo na kutuwaza sisi wawili. Lakini pia Desemba 2024 baadhi ya wanaoamini dunia bapa walikwenda Antaktika, wakaliona jua likizunguka anga saa 24 bila kuzama, na mmoja wao akakiri hadharani kwamba kwa hilo alikuwa amekosea. Sijui kama ningekuwa na moyo wake.

Ninachokuomba ni hiki. Wiki ijayo kituo kitapita tena jioni, na mimi na wewe, japo tuko kilomita mia kadhaa mbalimbali, sote tutaweza kukiona. Nitakutumia saa. Simama mahali pa wazi, elekea magharibi, subiri. Kikizimika, andika saa mpaka sekunde, na nyota iliyokuwa karibu nacho. Nami nitaandika zangu huku. Kwako kitazimika mahali pengine pa anga, kwangu pengine, lakini sekunde itakuwa moja. Kwa vipimo hivyo viwili tutaweza kukokotoa kivuli kile kilikuwa juu kiasi gani, kwa kalamu zetu wenyewe. Halafu nipigie usiku uleule, hata kama umeona tofauti na nilivyosema. Nimekosa kuisikia sauti yako kwa muda mrefu mno.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote